Uzito na pumu: pumzi inabanwa wapi hasa?

Huku Lamu mtu mnene mwenye pumu akihema kidogo kwenye ngazi ataambiwa "mafuta yamekuziba mapafu". Sio hivo, shida kubwa iko nje ya mapafu.

Mafuta ya tumbo yanausukuma juu ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, na ya kifuani yanazielemea mbavu, sasa ukishatoa pumzi ya kawaida ile hewa inayobaki ndani inakuwa chache kuliko inavyotakiwa. Na hewa hiyo ina kazi, manake mapafu yakiwa yametanuka ndo yanavivuta vile vijia vidogo vya hewa vikae wazi, yakinywea navyo vinabana. Mwenye pumu vijia vyake tayari vina uvimbe. Ni kama mashua iliyopakia mpaka maji yamekaribia ukingo, inaenda lakini wimbi dogo tu linaingia ndani. Wimbi lenyewe ni moshi wa jiko, vumbi, mafua.

Cha ajabu, kwenye ile mashine ya kupuliza, ya kupimia pumzi, mtu anaweza kuonekana karibu yuko sawa, kwa sababu hewa unayoitoa sekunde ya kwanza na hewa yote ya pumzi moja zikishuka zinashuka pamoja, kwa hivo uwiano wake, ambao ndo unaoangaliwa, haubadiliki sana. Mtu anaambiwa yuko sawa na huku anahema, inaudhi kweli.

Alafu mafuta hayakai bure mwilini, yanatoa kemikali za kuchochea uvimbe, mojawapo leptini, na kwa baadhi ya watu wanene pampu ya steroidi, ile ya kutuliza uvimbe wa vijia, haifanyi kazi vizuri vile. Usiiache lakini! Vidonge vya prednisolone, yaani steroidi ya kumeza, ndo vya kuangaliwa, ukivimeza mara kwa mara vinaongeza hamu ya kula na uzito, unarudi palepale.

Kupungua kunasaidia, na si lazima uwe mwembamba. Mtu wa kilo 90 akitoa 5 hadi 9 wengi wanaona nafuu. Mahamri na mbaazi za nazi sikwambii uache, siwezi mimi mwenyewe, punguza idadi tu. Na badala ya kupanda boti kwenda Shela nenda kwa miguu asubuhi jua halijakali, pampu ya bluu (salbutamol, ile ya kufungua vijia haraka) mfukoni, manake mazoezi nayo yanaweza kuamsha pumu.

Sasa utajuaje ni pumu au ni uzito? Kifua kulia, kikohozi cha usiku, hayo yanaelekea pumu, kuhema kwenye ngazi kunakoisha ukikaa chini kunaweza kuwa uzito, na wengine wana vyote viwili. Omba upulize mashine kabla ya salbutamol na kama dakika 15 baadae, hewa ya sekunde ya kwanza ikipanda kwa asilimia 12 na mililita 200 au zaidi hapo inaelekea ni pumu, ila isipopanda siku hiyo haimaanishi huna.