Jina Daisy lina maana gani?

Ukiuliza maana ya jina Daisy utajibiwa kwamba ni ua. Ni kweli, ila jibu hilo limeishia mlangoni.

Tuanze na ua lenyewe. Kitaalamu huitwa Bellis perennis, nalo huota lenyewe kwenye nyasi fupi za Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya. Ni dogo, na wenye bustani wengi huliona gugu tu. Kama umewahi kupita kwenye shamba la pareto, kule Njombe au Molo, sura yake unaijua: petali nyeupe zimezunguka kitovu cha njano. Pareto ni refu zaidi, lakini ni ndugu, na alizeti nayo imo katika ukoo huo.

Jua likizama, petali hujikunja na kukifunika kitovu. Kukicha hufunguka tena. Kwa tabia hiyo, Waingereza wa kale waliliita dæges ēage, yaani jicho la siku, au tuseme jicho la mchana, kwa kuwa usiku limefumba. Karne zilivyopita maneno hayo mawili yakamezana hadi likabaki moja, daisy, na leo Mwingereza hulitamka bila kuliona jicho lililomo ndani. Sisi hatuna haja ya kuelezwa sana. Ua kwetu hufumba na kufumbua, vitenzi vilevile vya macho. Halafu siku ya ua hili inaanza jua linapochomoza, kama saa yetu ya Kiswahili.

Sasa, ua liligeukaje mtu? Hapa ndipo utamu ulipo. Kwa Kifaransa, marguerite ni ua la sura hiyohiyo, na Marguerite ni jina la kike ambalo kwa Kiingereza ni Margaret. Basi msichana aliyebatizwa Margaret akawa anaitwa Daisy nyumbani, kwa mchezo wa maneno uliovuka lugha mbili. Margaret nalo limetokana na neno la Kigiriki margarites, yaani lulu, ambalo wataalamu wengi wanaona Wagiriki walilipata kutoka lugha za Uajemi. Kwa njia hiyo Daisy na Lulu ni binamu, japo mmoja ametoka kwenye nyasi na mwingine baharini.

Mchezo huo haujafa. Malkia Margrethe II wa Denmark, aliyetawala kuanzia 1972 hadi alipong'atuka Januari 2024, kwa jamaa zake ni Daisy. Bibi yake mzaa mama, Margaret, binti wa kifalme wa Uingereza aliyeolewa Sweden, naye aliitwa hivyohivyo.

Si kila Daisy ni Margaret, lakini. Mwishoni mwa karne ya 19, enzi za Malkia Victoria, majina ya maua yalikuwa fasheni, na Daisy likaanza kuandikwa kama jina kamili, sambamba na Violet na Lily. Marekani pia lilienea. Anayedhani jina la ua humfaa mtu laini amsome Daisy Bates, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1914: ndiye aliyesimama na wanafunzi tisa weusi walioingia shule ya sekondari ya wazungu mjini Little Rock mwaka 1957, huku nyumba yake ikirushiwa mawe.

Waingereza wana utani mmoja ambao wazazi hawautaji wanapochagua jina: mtu aliyezikwa husemwa kuwa anayasukuma madaisy kutoka chini, kwa sababu huota hata juu ya makaburi.

Na kwa Kiswahili? Majina ya maua tunayo, Asumini na Waridi, hata Maua lenyewe, ila hayo ni maua mengine. Kwa njia ya Margaret, lililo karibu zaidi ni Lulu. Jicho la mchana, nijuavyo mimi, bado halijapata wa kuitwa hivyo.