Nyumba salama si makazi ya mpito

Kila mwaka zikikaribia zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Novemba 25 hadi Desemba 10, maneno "makazi ya mpito" hubandikwa kila mahali hapa Dar. Bweni la wiki mbili ni makazi ya mpito. Chumba cha nyuma ya kanisa, makazi ya mpito. Hata kwa mjumbe, alikolala mama mmoja usiku mmoja na wanawe kabla ya kurudishwa kwake asubuhi, nako kukaandikwa hivyohivyo kwenye ripoti. Wapo pia wanaofikiria mahema, nadhani kwa sababu ya waliokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011 wakahamishiwa kwenye mahema huko Mabwepande.

Maana yenyewe haina urefu. Makazi ya mpito ni chumba au nyumba anayosaidiwa kuipata mtu aliyetoka kwenye ukatili wa nyumbani au wa kingono, hatari ya papo kwa papo ikishapungua, akakaa humo kwa miezi kadhaa huku akijipanga, hadi awe na kwake. Kuna paa, kuna muda wenye kikomo, na kuna mtu wa kumshika mkono. Basi.

Kinachonichosha ni kuyachanganya makazi haya na nyumba salama, kwa sababu anayeumia na mchanganyo huo ni yule yule tunayesema tunamsaidia.

Nyumba salama ni ya usiku ule. Mtu amefika uso umevimba, mtoto mgongoni, pengine ameletwa na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa, bado iko mkononi. Anachotaka saa hiyo ni mlango ambao anayemtafuta haujui. Ndiyo maana nyumba ya aina hii hufichwa, ina mlinzi na matroni, wageni hawaingii, kutoka ni kwa ruhusa, na simu huzimwa isije ikamwumbua alipo. Wasichana wa mkoa wa Mara wanaokimbia kukeketwa hupokelewa kwenye nyumba za namna hiyo, na hakuna mwenye akili atakayelalamikia masharti yake.

Lakini masharti yale yale ukiyavuta miezi sita, unamfuga mtu. Huwezi kumlaza mgonjwa mapokezi nusu mwaka ukasema unamuuguza. Mwanamke aliyekuwa anaomba ruhusa kwa mume hata ya kwenda sokoni, sasa anaiomba kwa matroni. Swali langu la kutofautisha hizi nyumba mbili ni dogo tu: ufunguo anao nani? Kwenye makazi ya mpito anao yeye. Anapika anachotaka, anafunga mlango wake, dada yake akija anamkaribisha, na asubuhi anaenda kazini bila kuaga mtu.

Wanaodhani haya ni mapambo waangalie fedha. Marekani wana fungu la serikali kuu la kazi hii tu, chini ya sheria yao ya mwaka 1994 ya ukatili dhidi ya wanawake na marekebisho yaliyofuata. Linagharimia makazi ya kati ya miezi 6 na 24, na si kwa wake waliopigwa peke yao: waliobakwa wamo, waliokuwa wakiandamwa kila waendako wamo. Na msaada mwingine wote unaoambatana na chumba, kama ushauri nasaha na mafunzo, ni wa hiari. Asipohudhuria hafukuzwi. Hilo ningependa lisomwe mara mbili na wale wanaomwambia mtu kwamba asipomaliza darasa la ushonaji atapisha mwingine. (Cherehani, jamani. Mji huu una mafundi wa kutosha kila baraza, na bado kila mradi unaanza na cherehani.)

Kwetu, kinachomrudisha mwanamke kwa anayempiga watu hukiita mapenzi au ujinga. Mara nyingi ni kodi. Tuseme amepata chumba cha shilingi 60,000 Kivule au Buza. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, hiyo ni 360,000. Dalali anataka mwezi wake, ndiyo 420,000, na hapo hajanunua godoro, mtungi wa gesi wala umeme wa LUKU. Kisha anaulizwa, "Na mume yuko wapi?" Anatakiwa alete barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa anakotoka, na huko mwenyekiti hukaa kijiwe kimoja na mume. Mtoto naye akitaka uhamisho, shule ya zamani lazima ijue shule mpya ni ipi. Dalali, barua, shule: njia tatu za yule bwana kujua amehamia wapi, na zote ni za kawaida kabisa.

Hapo ndipo neno "msaada" linapofanya kazi yake. Kulipa kodi tu hakutoshi. Lazima awepo mtu, afisa ustawi wa jamii au msaidizi wa kisheria, wa kuzungumza na mwenye nyumba, kumwomba mwalimu mkuu uhamisho ule usitajwe hovyo, kufuatilia kesi polisi, kupiga simu Jumatatu kuuliza kama yule bwana ameonekana mtaani. Jengo si lazima. Kibao cha shirika getini ndiyo kabisa, hakitakiwi. Vyumba vinaweza kutawanyika, kimoja Chanika, kingine Tandika, jina kwenye mkataba likiwa la mpangaji mwenyewe, na siku ufadhili ukiisha akaendelea kulipa palepale bila kuhama.

Kwa nini miezi na si wiki? Kwa sababu mambo anayoyasubiri yanakwenda kwa miezi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, anayetaka talaka kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi, la kata, BAKWATA au kanisani, ndipo aende mahakamani. Kudai sehemu yake ya mali ni safari nyingine. Tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Haki ipo, ila haki hiyo hailipi kodi ya mwezi huu.

Halafu yupo ambaye hana ndoa ya kuvunja. Binti wa kazi aliyebakwa na bosi wake amepoteza usiku mmoja kazi, kitanda na chakula, kwa sababu vyote vilikuwa kwenye nyumba ile ile. Hakuna baraza la kumsuluhisha na mtu, wala mali ya kugawana. Kumpandisha basi la kwao kunaweza kuwa sawa akitaka mwenyewe. Akiwa hataki, ni kumwondoa mjini shahidi wa kesi. Huyu ndiye anayesahaulika kila tunaposema "akina mama", na ndiye pengine anayehitaji chumba cha miezi kuliko wote.

Kwa hiyo, wenzangu mnaojaza ripoti, wala sisemi mfunge bweni la wiki mbili. Ni kazi nzito na inaokoa watu. Liiteni nyumba salama, jina lake hilo. Kwenye safu ya makazi ya mpito andikeni waliokaa miezi kwenye chumba wanachokifunga wenyewe. Kama hawapo, andikeni sifuri, mfadhili aone pengo lilipo.