Gome la keki ya gogo halitoki kwenye uma

Kila Disemba ni lile lile. Mtu anapiga picha keki yake ya gogo la Krismasi, ile ya kukunjwa inayopakwa krimu ifanane na gogo la mti, ananitumia, chini yake swali: mbona yangu haifanani na gogo? Nikimuuliza kwani ulifanyaje, jibu linakuja haraka, nilipaka krimu nikapitisha uma. Wiki hii nimeulizwa tena na huyu akaongeza kwamba labda uma wake meno yake yameachana sana, anataka kununua mwingine. Usinunue uma jamani! Uma hauna kosa na wala hauna sifa, gome linatokana na hali ya krimu dakika ile unayoigusa na jinsi mkono wako unavyokwenda, basi, na hayo mawili ndio hakuna anayeyauliza.

Keki yenyewe siongei sana. Ni sponji nyembamba ya trei, imekunjwa na krimu ndani. Najua watu wanagombana kuhusu kuikunja ikiwa ya moto ndani ya kitaulo ili ishike umbo, na mimi pia naikunja ikiwa bado vuguvugu, ila niseme ukweli, nina mashaka kama hiyo ndio inazuia nyufa kwa kiasi wanachosema, maana sponji ambayo haijakaushwa kwenye oveni inakunjika vizuri hata ikishapoa, na iliyokaushwa inapasuka hata ukiikunja ingali inatoa mvuke. Ufa mdogo usikupe presha, unafunikwa. Ufa mkubwa unalazwa upande wa chini. Tuendelee.

Sasa krimu. Mi natumia ganashi ya chokoleti nyeusi, chokoleti na krimu nzito uzito sawa, gramu 200 kwa gramu 200 mfano, krimu ipate moto, imwagiwe kwenye chokoleti iliyokatwakatwa, iachwe kidogo halafu ikorogwe taratibu kuanzia katikati. Ukitumia chokoleti ya maziwa, chokoleti iwe karibu mara mbili ya uzito wa krimu, nyeupe iwe mara mbili na nusu mpaka tatu, la sivyo itabaki laini milele. Hapo kila mtu anafika salama. Shida inaanza dakika zinazofuata kwa sababu watu wanaiona inang'aa na nzuri wanaipaka hapo hapo.

Elewa kinachotokea humo ndani. Ganashi inashika kwa sababu mafuta ya kakao yanaganda, na mafuta hayo yanayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, yaani chini kidogo ya joto la mwili wako, na hayagandi yote kwa mpigo, yanajipanga polepole. Kwa hiyo ganashi ikiwa bado ya uvuguvugu ukichora mstari unajifunga, unachora tena unajifunga tena, unakasirika unaitupa kwenye friji. Friji nayo inagandisha pembeni ya bakuli wakati katikati bado maji, ukija kukoroga unapata mabonge. Na ikiganda yote ukaipaka hivyo hivyo, haichoreki, inakatikakatika na kubeba makombo ya keki. Katikati ya hizo hali mbili kuna muda ambao krimu inakubali kuchorwa na inakumbuka ulichochora, na KAZI YOTE YA GOME inafanyika ndani ya muda huo.

Utaujuaje? Vitabu vinatoa nyuzi joto moja kamili, mi sizifuati, na sidhani kama kuna namba moja inayofaa chokoleti zote maana zinatofautiana kiasi cha kakao na krimu nazo zinatofautiana mafuta. Naangalia kijiko. Pitisha kijiko kwenye bakuli, mfereji ubaki wazi, kingo zake zisimame bila kulegea. Chota, geuza kijiko, isidondoke. Ukiona uso wake umeacha kung'aa umekuwa wa kufifia kidogo, umefika. Iache juu ya meza ipoe yenyewe, koroga mara moja moja, inaweza kuchukua saa kadhaa na hapo ndipo wengi uvumilivu unawaishia. Kama chumba ni cha joto sana, ruksa friji, lakini dakika chache tu, toa, kwangua pembeni, koroga, rudisha. Ikizidi kuganda usiitupe, weka bakuli juu ya maji ya moto sekunde chache ukoroge.

Kitu kingine ambacho sijakiona kwenye maelekezo mengi. Watu wanapaka tabaka la kwanza jembamba la kushika makombo, wanaweka keki kwenye friji nusu saa, vizuri kabisa, halafu wanapaka tabaka nene lote kutoka mwanzo mpaka mwisho, wanapumzika, wanatafuta simu wapige picha, ndio waanze kuchora. Keki ni ya baridi! Ile baridi inagandisha krimu kutoka ndani, ule muda wako unakuwa dakika chache tu. Paka kipande, chora kipande, hamia kingine. Unene karibu nusu sentimita mpaka kidogo zaidi, ukipaka nyembamba hakuna pa kuchimba, utafika kwenye sponji.

Na kuchora kwenyewe sasa, hapa ndio naomba unisikilize vizuri. Gome linapasuka kwa sababu mti unanenepa kutoka ndani, na gome la nje limeshakufa, haliwezi kutanuka, kwa hiyo linachanika. Mpasuko wa namna hiyo unakuwa mpana katikati na unafunga kwenye ncha zote mbili. Mmoja unaishia hapa, mwingine unaanzia pembeni yake, inakutana, inaachana, inazunguka fundo la tawi. Hakuna mpasuko unaotoka mwisho mmoja wa gogo mpaka mwingine umenyooka na jirani zake wote wamenyooka kwa nafasi zile zile. Uma unafanya hivyo hivyo. Meno yamepangwa sawa, unaburuta kutoka kushoto mpaka kulia, unapata shamba la matuta. Ndio maana keki yako inaonekana imelimwa.

Chukua ncha ya kisu kidogo, au kijiti cha mishikaki, au mgongo wa kijiko cha chai, changanya vyote ukitaka. Zamisha ncha, buruta sentimita tatu nne huku ukiongeza mgandamizo kisha ukipunguza, halafu INUA. Kule kuinua ndio kunavuta kingo za krimu ziwe na ncha ndogo ndogo za kubanduka, na hizo ncha ndizo jicho linasoma kama gome. Usizilainishe. Anza mwingine usiolingana na wa kwanza. Sehemu moja mbili zungusha kijiko upate fundo, mistari ya jirani ipinde kulizunguka. Na kama unaupenda uma wako sana, utumie, lakini kwa jino moja la pembeni na kwa mikato mifupi, mimi sitagomba.

Wale wa gogo jeupe la mti wa betula, tusikilizane. Betula gome lake ni laini na zile alama nyeusi zimelala kuuzunguka mti, ni vitundu vya kupitishia hewa. Kwa hiyo kwenye keki zinakata upana wa gogo, fupi fupi, zimetawanyika. Krimu nyeupe ilazwe laini, alama zipigwe kwa brashi na kakao iliyochanganywa na maji kidogo. Ukipaka nyeupe halafu ukachora mifereji ya urefu, mti huo haupo duniani.

Batakrimu inafaa pia, ila inashika kwa siagi kwa hiyo kwenye chumba cha joto inalegea na ncha zinalala. Wipingi krimu tupu kwa gome hapana. Na kama kuchora kumekushinda kabisa kuna njia ya vipande: yeyusha chokoleti, ipake nyembamba kwenye karatasi ya kuokea, ikianza kushika kunja karatasi iwe bomba, weka kwenye friji, ikiganda ikunjue, itapasuka yenyewe kwa urefu na vipande tayari vimepinda kufuata mzunguko wa keki. Bandika. Ni njia ya heshima, sijui kwa nini watu wanaiona kama kudanganya.

Hatua ambayo nisingeiruka: krimu ikishaganda, chukua brashi kavu na kakao kidogo, sukumia ndani ya mipasuko, halafu pangusa juu ya kingo. Ndani panakuwa peusi, juu panabaki pa wazi, ghafla kina kinaonekana. Dakika tano tu.

Miisho ya gogo, kata kwa kisu kikali uonekane mkunjo, usiipake kama mkunjo umetoka vizuri, hizo ndio pete za mti. Tawi unalipata kwa kukata robo ya keki kimshazari na kulibandika ubavuni kwa ganashi. Sina uhakika kama tawi linahitajika kwenye keki fupi, mara nyingi linaifanya ionekane imebanwa, kwa hiyo chini ya sentimita 25 mi naliacha.

Theluji, yaani aisingi shuga, inachekechwa dakika za mwisho. Narudia, za mwisho. Sukari inavuta maji, na keki iliyotoka friji inatoa jasho, ukiichekecha asubuhi jioni una madoa. Chekecha kutoka upande mmoja na kwa juu, ikae kwenye kingo, isijaze mipasuko uliyohangaika nayo. Uyoga wa merengi, yaani wa ute wa yai uliopigwa na sukari, vivyo hivyo: unaokwa kwenye nyuzi 90 mpaka 100 kwa saa moja na nusu hivi mpaka ukauke kabisa, kofia na mguu vinaungwa kwa chokoleti iliyoyeyuka, na unawekwa wakati wa kupeleka mezani, ukilala nao kwenye friji utaukuta umelegea unanata.

Halafu mapambo ya mimea. Holi, yale majani ya miiba yenye tunda jekundu yanayopendwa kwenye picha, matunda yake ni SUMU, na misiltoe, mmea mwingine wa mapambo ya Krismasi, nayo ni sumu. Usichomeke kwenye chakula, hasa kama kuna watoto, tunda jekundu kwenye keki mtoto atalila tu. Tengeneza ya fondanti (donge la sukari la kufinyanga) au marzipani (donge la lozi na sukari), au weka tawi la rozmeri halisi, likipakwa ute wa yai na sukari linafanana na msonobari wenye baridi.

Mwisho kukata, maana gome zuri linaharibiwa hapa. Toa keki kwenye friji nusu saa mpaka saa moja kabla, ndio halafu uweke theluji na uyoga. Ganashi ya baridi inavunjika na kubanduka kwa mabamba makubwa. Kisu kirefu, kichovye maji ya moto, kifute kikauke, kata kwa kwenda na kurudi bila kukandamiza, futa tena kila kipande. Kipande cha kwanza chenye tawi kitatoka vibaya, mpe asiyejali umbo.