Fimbo za enzi za Misri ya kale: was, heqa na sekhem

Ukitazama michoro ya kwenye kuta za mahekalu ya Misri, ni nadra kumkuta mungu amesimama mikono mitupu. Mkono mmoja umeshika ankh, alama ya uhai, na mwingine umeshika fimbo ndefu inayomfika mabegani. Fimbo hiyo si mkongojo, maana mungu hachoki. Ni fimbo ya enzi, na jina lake ni was.

Was utaitambua mara moja. Juu ina kichwa cha mnyama mwenye pua ndefu, anayefanana na yule wa mungu Seth. Katikati ni mti ulionyooka. Chini inaishia kwa panda ya ncha mbili. Katika hieroglifu, maandishi yao ya picha, picha ya fimbo hiyohiyo husomeka "was", yaani uwezo, mamlaka. Kwa hiyo aliyeishika hakuhitaji maelezo. Mji wa Thebes uliitwa Waset, na alama yake ilikuwa was iliyofungwa utepe na kuchomekwa unyoya. Ptah, mungu wa mafundi, yeye hushika fimbo moja iliyounganisha was, ankh na djed, nguzo ya uimara: uwezo, uhai na kudumu katika kiganja kimoja.

Was iliyo kubwa kuliko zote ninazozijua haikutengenezwa kwa mti. Ni ya kauri ya buluu, ina urefu wa zaidi ya mita 2, na imeandikwa jina la Farao Amenhotep wa Pili. Mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie aliichimbua miaka ya 1890 huko Naqada, kwenye hekalu la Seth mwenyewe, ikiwa vipande vipande. Sasa imeungwa na ipo London, katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Kitu cha namna hiyo hakikubebwa na mtu akaenda nacho njiani. Kiliwekwa wakfu kwa mungu.

Fimbo ya mfalme hasa ni heqa, fupi na iliyopinda kichwani kama ya mchunga kondoo. (Usiichanganye na heka, neno lao la uganga, kwao hizo ni sauti mbili tofauti.) Heqa maana yake ni kutawala, na mtawala. Hata jina Hyksos, la wageni waliokuja kuitawala sehemu ya kaskazini, linatokana na maneno "heqau khasut", watawala wa nchi za kigeni. Nayo ni ya zamani mno: katika kaburi linaloitwa U-j huko Abydos, la miaka 3200 hivi KK, ilipatikana heqa ya pembe za ndovu, kabla Misri haijawa dola moja. Mfalme huishika pamoja na mjeledi wa nyuzi tatu, mikono ikiwa imepishana kifuani, kama afanyavyo Osiris, mfalme wa wafu.

Maofisa nao walikuwa na zao. Sekhem, yenye bapa pana juu, ilishikwa na wakubwa wa serikali, na neno hilo, lenye maana ya nguvu, ndilo lililomo katika jina la Sekhmet, mungu wa kike mwenye kichwa cha simba. Hieroglifu ya ofisa ni mtu aliyesimama na fimbo mkononi.

Linalonivutia zaidi ni fimbo ya kawaida kabisa, ile ya kutembelea. Picha yake husomeka "medu", na medu ni fimbo, lakini pia ni neno, kusema. Maandishi yao ya hieroglifu waliyaita "medu netjer", maneno ya mungu, na ukiyaona yameandikwa, fimbo imo ndani.

Mwanaakiolojia Howard Carter alipofungua kaburi la Farao Tutankhamun mwaka 1922, alikuta fimbo na bakora zipatazo 130. Baadhi zimepinda, na kwenye pindo hilo wamechongwa mateka, Mnubi na Mwasia, kila mmoja na rangi yake. Lakini katikati ya dhahabu hiyo yote mlikuwamo unyasi wa kawaida, umefungwa kwa dhahabu, na maandishi yake yanasema ulikatwa na mfalme kwa mkono wake mwenyewe.