Stika za mashine kongwe za soda: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mashine za kuuza soda kwa sarafu zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya 1940 na 1950, hasa za kampuni ya Vendo ya Kansas City, bado zinafufuliwa na mafundi na wapenzi wa vitu vya kale. Bati hunyooshwa, mtambo wa baridi hutengenezwa, rangi hupulizwa upya. Kazi huja kuharibikia kwenye maandishi. Mashine iliyopigwa rangi vizuri lakini ikavishwa stika zisizo zake humsumbua macho hata asiyejua chochote kuhusu mashine, na mara nyingi chanzo ni imani chache ambazo mafundi wamerithishana bila kuzihoji.

Dhana: Kwangua stika ya zamani kwanza, upate uso safi wa kuanzia.

Hasara kubwa kuliko zote hutokea hapa. Stika iliyochakaa ndiyo ramani ya mashine hiyo. Hata ikiwa imebaki vipandevipande, inaonyesha kimo cha herufi, nafasi iliyoachwa kati yake, umbali wake kutoka ukingo wa mlango, na kama kiwandani ilibandikwa ikiwa imeinama kidogo.

Kabla msasa haujagusa bati, tandaza plastiki angavu juu ya stika na uifuatishe kwa kalamu ya ncha nyembamba. Chukua vipimo kuanzia sehemu zisizohama: ukingo wa mlango, tundu la kufuli, mdomo wa kutumbukizia sarafu. Usipimie kwenye urembo wa chuma uliofungwa kwa skrubu, kwa sababu huenda uliwahi kubadilishwa. Kisha piga picha. Simama mbali kiasi, kamera itazame mlango usoni bila kuinama, na uweke rula mbili ndani ya picha, moja ya kulala na moja ya kusimama. Ukipiga kwa karibu sana, herufi za pembeni hupotoka, na ukiikuza picha hiyo unaukuza na upotovu wake.

Na kama inaonekana hakuna kilichobaki? Zima taa, shika tochi ubavuni mwa bati ili mwanga upite juu ya uso kwa mlalo. Rangi iliyokuwa chini ya stika haikupigwa na jua sawa na ile iliyoizunguka, kwa hiyo mara nyingi kivuli cha herufi bado kipo, pamoja na kijiukingo chembamba ambacho kidole hakikihisi. Rangi halisi nayo itafute mahali jua halikufika: nyuma ya bamba la sarafu, au chini ya mpira wa mlango. Nyekundu unayoiona katikati ya mlango leo ni nyekundu iliyopauka kwa miaka sabini.

Dhana: Maandishi yote ya mbele ni stika.

Siyo. Kwenye mashine nyingi za Coca-Cola za enzi hiyo, maneno makubwa ya mlangoni yalipigwa chapa kwenye bati lenyewe yakainuka, kisha yakapakwa rangi nyeupe. Hayo hayahitaji stika. Yanahitaji rola ndogo ngumu yenye rangi kidogo, inayogusa migongo ya herufi tu bila kumwagikia mabondeni. Stika halisi ni zile za maelekezo ya sarafu, bei, na tahadhari za ndani.

Dhana: Fonti ya Coca-Cola ipo mtandaoni, ipakue uandike.

Jina lile halikuzaliwa kama fonti. Frank Robinson, mtunza hesabu wa kampuni, aliliandika katika miaka ya 1880 kwa mtindo wa mwandiko wa Spencer uliokuwa ukifundishwa Marekani wakati huo. Kila mkunjo ulichorwa kwa ajili ya jina hilo moja. Fonti za kuigiza hutoa herufi moja moja kisha huziunganisha, na panapoungana ndipo zinapojisaliti: unene wa mstari hubadilika ghafla na mkia wa C hauifikii herufi inayopaswa kuupokea.

Jambo la pili ni tarehe. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, maneno ya usajili wa nembo yaliandikwa ndani ya mkia wa C ya kwanza. Baadaye yakahamia chini ya jina. Alama ya ® ilipata nguvu ya kisheria kwa sheria ya alama za biashara ya Marekani ya mwaka 1946. Nembo yenye umbo la mkia wa samaki ilikuja 1958, na ule utepe mweupe wa mawimbi ulianza 1969. Utepe huo ukiuweka kwenye mashine ya mwaka 1952, umeivalisha nguo ya mjukuu wake. Ninalisisitiza hili kwa sababu wanaotengeneza stika za kuuza mara nyingi huchora nembo moja na kuiuza kwa mashine za kila mwaka.

Kwa hiyo chora upya kutoka kwenye picha yako, kwa mkono, katika programu ya michoro ya vekta, yaani michoro ya mistari inayoweza kukuzwa bila kuharibika, kama Inkscape. Amri ya kuiachia programu ifuatishe picha yenyewe bila mkono wako inavutia kwa wepesi wake, lakini huviringisha pembe kali na kuzihesabu nyufa za stika kuwa sehemu ya herufi. Tumia vituo vichache, yaani nukta zinazoushika mstari, kwenye kila mkunjo. Vikiwa vingi, mstari hutetemeka.

Dhana: Printa ya ofisini inatosha.

Printa ya kawaida haina wino mweupe. Huiacha karatasi yenyewe iwe nyeupe. Ukichapa kwenye filamu angavu na kuibandika juu ya mlango mwekundu, palipotakiwa kuwa na nyeupe pataonekana mlango, na njano itamezwa na wekundu wa mlango. Njia za kweli ni tatu: uchapaji wa skrini, printa yenye wino mweupe, au kukata herufi kutoka kwenye vinili, ile plastiki nyembamba yenye gundi nyuma, iliyo tayari na rangi yake. Hii ya mwisho ndiyo wanayoifanya kila siku mafundi wanaoremba daladala na matatu, kwa hiyo mwenye mchoro mzuri wa vekta hana haja ya kuagiza mbali.

Dhana: Vinili ni vinili.

Ile iliyotengenezwa kwa kumiminwa ikiwa majimaji ina unene wa takriban mikroni 50, hukaa tuli na kufuata mikunjo ya bati. Iliyosukumwa kwa rola huwa nene zaidi na hukumbuka kuvutwa kwake: baada ya muda husinyaa, na mstari wa gundi chafu hujitokeza ukingoni. Kwa mashine ya miaka ya 1950, chagua ya kumiminwa.

Dhana: Rangi ikikauka kiganjani, bandika.

Rangi ya mafuta inaweza kukauka juu huku thina ikiendelea kutoka ndani kwa wiki kadhaa. Ukiifunika mapema, mvuke wa thina hiyo unajikusanya chini ya stika na kufanya malengelenge. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Na kabla ya kupitisha vanishi juu ya stika, jaribu kwanza kwenye kipande cha bati, kwa sababu thina kali hukunja stika nyembamba za maji (zile zinazoloweshwa ili ziteleze kutoka kwenye karatasi yake) papo hapo.

Dhana: Nembo ya zamani haina mwenyewe tena.

Usajili wa alama ya biashara Marekani huhuishwa kila baada ya miaka 10, bila kikomo, maadamu alama inatumika. Kurudisha maandishi ya mashine yako ni jambo moja; kuchapa nembo hiyo na kuiuza ni jambo jingine, linalohitaji ruhusa ya mwenye nembo.

Dhana: Kila kibandiko kinaweza kuigwa.

Bamba la namba na la umeme liachwe kama lilivyo, hata likiwa limekwaruzwa. Linataja aina ya gesi ya kupoozea, volti 115 na mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Anayeileta mashine hiyo Dar es Salaam au Mombasa, kwenye umeme wa volti 230 au 240 na mizunguko 50, atalihitaji bamba hilo kabla ya kuchomeka waya. Lisiposomeka, lipige picha kwa mwanga wa mlalo, andika namba kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango pembeni yake.