Kasuku hakariri tu

Mwanafunzi anayetaja jibu asilolielewa huambiwa "anakariri kama kasuku". Ndege huyu ameonewa. Kasuku wa kijivu aitwaye Alex, aliyefundishwa Marekani na mtafiti Irene Pepperberg kuanzia 1977 hadi alipokufa 2007, alitaja rangi na umbo la kitu alichoonyeshwa, tena akahesabu mpaka sita. Huko si kukariri.

Kwao, misitu ya Kongo, kasuku huishi kwa makundi na kuitana kutwa nzima. Ukimfungia peke yake, kundi lake ni wewe. Anajifunza maneno yako ili umjibu. Asipojibiwa, wengi hujinyonyoa manyoya kifuani hadi ngozi ya waridi ibaki wazi, mkia mwekundu ukiwa mzima. Huenda ni ugonjwa, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo, ila mara nyingi ni upweke. Inaumiza kumtazama.

Mwaka 2016 nchi za CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wanaonaswa porini. Kwa hiyo usimnunue. Uliye naye tayari, mtoe tunduni kila siku, mpe vijiti atafune, na akikuita, mwitikie.