Je, wajua kwa nini mkulima wa shiitake huligonga gogo lake?

Katika mkoa wa Oita, kisiwani Kyushu kusini mwa Japani, wako wakulima wanaolima uyoga wa shiitake juu ya magogo. Wakati wa baridi, magogo hayo huzamishwa kwenye birika, yaani tangi, la maji baridi usiku kucha, kisha huingizwa kwenye kitalu nyumba na kuegemezwa safu kwa safu. Lakini kabla ya kuliegemeza, kuna wanaoligonga kila gogo kwa nyundo, au kuligongesha kichwa chini. Baada ya wiki moja hivi gome hupasuka na uyoga huchomoza. Sasa kipigo na mavuno vina uhusiano gani?

Tuanze na uyoga wenyewe. Kile tunachokitia sufuriani ni tunda tu, kama embe lilivyo tunda la mwembe. Mwembe wa shiitake, tuseme hivyo, umejificha ndani ya gogo: ni utando wa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zinazomeng'enya mti na kuishi humo. Mkulima ndiye aliyeupandikiza. Alikata mti wa jamii ya mwaloni uitwao kunugi, akaukatakata vipande vya mita moja hivi, akatoboa matundu kwa keekee, akapachika humo mbegu ya uyoga, yaani vijiti vidogo vilivyokwisha kuota utando. Kisha akayalaza magogo kivulini, akasubiri. Husubiri hadi miaka miwili.

Muda wote huo utando unakula na kutanda. Chakula upo nacho, unyevu upo nao, kwa hiyo hauna haraka ya kuzaa. Tunda la uyoga lipo kwa ajili ya kumwaga vijimbegu vipeperuke na upepo kutafuta mti mwingine, na safari hiyo ina wakati wake. Msituni, wakati huo hutangazwa na kubadilika kwa majira: joto hushuka ghafla, mvua hulowesha mti hadi ndani, dhoruba huangusha matawi. Birika la maji baridi huiga mvua na baridi kwa pamoja. Nyundo huiga mti ulioanguka. Hakuna mvua iliyonyesha wala mti ulioanguka, lakini utando umeambiwa kwamba majira yamegeuka.

Ujuzi huu ni wa kale, na mimi huustahi sana. Mwaka 1313 Mchina Wang Zhen, katika kitabu chake cha kilimo, aliandika kwamba magogo ya uyoga hupigwa rungu ili kuuzindua uyoga. Hapakuwa na hadubini wakati huo. Palikuwa na watu waliotazama miti kwa subira. Wajapani nao waliamini tangu zamani kwamba uyoga hujaa pale radi ilipopiga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iwate waliijaribu imani hiyo kwa kuyapitishia magogo umeme wa nguvu kubwa kwa muda mfupi mno, na kwa shiitake mavuno yalifika karibu maradufu.

Na kitalu nyumba je? Wengi tunakijua kama chombo cha kuongeza joto kwa nyanya na pilipili hoho. Kwa shiitake kazi yake ni nyingine: kuitunza ile hali ya baada ya mvua, siku baada ya siku, hata nje kukiwa na barafu. Ndani panatakiwa ubaridi wa wastani, kama selsiasi 10 hadi 20, unyevu mwingi hewani, mwanga kidogo, na hewa inayopita. Hewa hasa ndiyo isisahauliwe, maana uyoga hupumua kama sisi na kutoa kaboni dayoksaidi. Banda likifungwa kabisa, mashina hurefuka na kofia hubaki ndogo. Aliyewahi kulima uyoga wa mamama Tanzania ameshaliona hilo kwenye mifuko yake.

Unyevu nao una siri yake. Maji yakizidi, kofia hulowa na kuwa nyeusi, hazidumu. Lakini uyoga ukishachomoza, hewa ikiwa baridi na kavu kiasi, ngozi ya kofia huacha kukua ilhali nyama ya ndani inaendelea. Ngozi hupasuka, na nyufa nyeupe hujichora juu ya kofia kama ua. Wachina huuita uyoga wa maua, na bei yake ni ya juu.

Baada ya kuchumwa, gogo hupumzishwa mwezi mmoja au miwili, kisha hurudishwa birikani na kugongwa tena. Huzaa hivyo kwa miaka kadhaa, mpaka gome linabanduka lenyewe na mti uliokuwa mzito unabaki mwepesi, laini, ukiuminya kwa vidole unasagika.